Maikrowevu Maabarani: Mawimbi Yana Kazi Yao, au Ni Joto Lilelile?

Mwaka 1986 jarida la Tetrahedron Letters lilichapisha makala mbili fupi zilizowashtua wanakemia. Moja ilitoka kwa Richard Gedye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Laurentian, Kanada. Nyingine iliandikwa na Raymond Giguere, George Majetich na wenzao wa jimbo la Georgia, Marekani. Makundi yote mawili yalichukua maikrowevu ya kawaida, ile ya kupashia chakula, yakaweka ndani yake vyombo vilivyofungwa barabara vyenye kemikali za kaboni, yakawasha. Mimenyuko iliyozoea kula saa nyingi juu ya moto ikakamilika kwa dakika. Tangu hapo yamefuata maelfu ya makala, na pamoja nayo ugomvi mmoja: je, mawimbi yanaifanyia molekuli jambo ambalo joto haliwezi, au ni joto lilelile lililofika kwa njia nyingine?

Sauti tatu zinazofuata nimezitunga, lakini hoja zao sikuzitunga. Ndizo hoja ambazo wanakemia wamekuwa wakirushiana majaridani kwa zaidi ya miaka 30. Mtafiti ni mwanamke kijana anayeandika tasnifu ya uzamivu. Mhadhiri ndiye msimamizi wake. Fundi ni mama anayesimamia maabara, mwenye funguo za stoo na neno la mwisho kuhusu usalama.

MTAFITI: Shikamoo Mwalimu. Nimekuja na ombi la kifaa, na najua utalipinga.

MHADHIRI: Marahaba, binti yangu. Siwezi kupinga nisichokisikia. Sema.

MTAFITI: Naomba tununue maikrowevu ya maabara. Kuna hatua moja katika kazi yangu inayochemka kwenye ethanoli kwa saa 8. Nikiwasha asubuhi, jibu napata jioni, na likiwa baya siku imekwenda. Wenzetu hatua ya namna hiyo wanaimaliza kwa dakika chache. Mtu anajaribu viyeyushi vitano na vichocheo vinne kwa siku moja, na kabla jua halijazama anajua kipi cha kushika na kipi cha kuacha. Watengenezaji wa dawa waliingia humo mwanzoni mwa miaka ya 2000, vilipoanza kupatikana vifaa vilivyoundwa mahususi kwa maabara, vyenye kukoroga, kupima joto na kupima mgandamizo. Kazi yao ni kutengeneza molekuli nyingi na kuzichuja haraka. Wasingenunua kama havina faida.

MHADHIRI: Dakika chache sizikatai. Nimeziona. Ninachokataa ni maelezo yanayobebwa pamoja nazo. Nimesoma tasnifu ngapi zinazosema mawimbi "yaliamsha" mmenyuko, au "yalishusha" kizingiti cha nishati? Ukimuuliza mwandishi ndani ya chupa palikuwa na nyuzi ngapi, anakujibu: wati 600, dakika 3. Mwanangu, wati ni kasi ya kutoa nishati. Haziniambii molekuli zilikuwa kwenye jotoridi gani.

MTAFITI: Lakini kitu kinachogeuka kwa kasi ile kinaweza kukosa athari yake mwenyewe? Maikrowevu nyingi zinatumia mawimbi ya gigahetsi 2.45. Uga wa umeme unabadili mwelekeo karibu mara bilioni 4.9 kwa sekunde. Molekuli yenye ncha mbili za chaji, kama ethanoli, inajaribu kuufuata uga huo, inachelewa, inasuguana na jirani zake. Chumvi iliyoyeyuka nayo, ayoni zake zinavutwa huku na huku. Joto linazaliwa ndani ya kimiminika chenyewe. Kwenye bafu la mafuta linaanzia kwenye ukuta wa chupa na kujivuta hadi katikati.

MHADHIRI: Hapo umesema kweli tupu, na ukiishia hapo sina ugomvi nawe. Sasa piga hesabu ya upande wa pili. Chukua fungu moja la nishati ya wimbi hilo, zidisha kwa idadi ya molekuli katika moli moja. Unapata takriban jouli 1 kwa moli. Kuvunja kifungo cha kawaida cha kaboni kwa kaboni kunataka jouli 350,000 hivi. Hata mtikisiko wa kawaida wa molekuli, hapa tulipokaa bila moto wowote, ni kiasi cha jouli 2,500 kwa moli. Wimbi ambalo fungu lake la nishati ni dogo maelfu ya mara kuliko joto la chumba hiki haliwezi kukata kifungo. Mwanga wa urujuanimno unaweza, na ndiyo maana kuna tawi zima la kemia ya mwanga. Maikrowevu haimo katika tawi hilo.

MTAFITI: Basi saa 8 zinakuwaje dakika chache?

FUNDI: Hilo nalijibu mimi, maana hata jikoni lipo. Mmesahau kifuniko. Chupa ya bafu la mafuta iko wazi juu, ina kipozeo, mvuke unapanda na kurudi. Ethanoli ikifika nyuzi 78 inachemka, na hapo hata uongeze moto vipi haipandi tena. Chupa ya maikrowevu imefungwa. Mvuke hauna pa kwenda, mgandamizo unapanda, na kiyeyushi kinaendelea kupata joto kikiwa bado kimiminika. Ni maharage kwenye presha.

MHADHIRI: Ahsante, mama. Sasa hesabu ni ya mtoto wa sekondari. Kuna kanuni ya kukisia inayosema kila nyuzi 10 zinazoongezeka, kasi ya mmenyuko inakaribia kuzidishwa kwa mbili. Kutoka nyuzi 80 hadi 160 ni hatua nane za nyuzi kumi kumi. Mbili kwa kipeo cha nane ni 256. Saa 8 ni dakika 480. Gawanya.

MTAFITI: Dakika 2, bila sekunde chache.

MHADHIRI: Hakuna muujiza uliobaki wa kuelezwa. Kazi ya kuhusianisha jotoridi na kasi ya mmenyuko Svante Arrhenius aliimaliza karne ya 19, kabla magnetroni inayozalisha mawimbi haya haijabuniwa.

Hapa naingia kidogo. Wapenzi wengi wa maikrowevu wanaposikia hesabu hiyo hunyong'onyea, kana kwamba wamepokonywa kitu. Mimi naiona kinyume. Kama kasi inatoka kwenye jotoridi, basi inatabirika: mtu anaweza kukaa na karatasi, akakadiria mmenyuko wake utachukua muda gani kwenye nyuzi 140, kisha akaenda kuupima. Siri isiyoelezeka ingemsaidia nani maabarani?

Lakini Mtafiti bado ana hoja, na ni ileile iliyowagawa wataalamu wenyewe.

MTAFITI: Mwalimu, kanuni yako inachukulia kwamba kila kitu ndani ya chupa kiko kwenye jotoridi moja. Viyeyushi havifanani. Kuna kipimo cha jinsi kiyeyushi kinavyogeuza mawimbi kuwa joto. Kwa ethanoli ni 0.941, kwa methanoli 0.659, maji 0.123, toluini 0.040, heksani 0.020. Chupa ya heksani tupu unaweza kuiacha ndani ya kifaa na isipate joto la maana. Sasa nikiyeyusha ndani ya toluini kitu kinachonyonya mawimbi vizuri, je, molekuli za kitu hicho haziwezi kuwa za moto kuliko toluini inayozizunguka? Gregory Dudley na wenzake kule Marekani walitetea wazo la namna hiyo, na mwaka 2013 walikabiliana hadharani na Oliver Kappe wa Chuo Kikuu cha Graz, Austria, kwenye jarida la Angewandte Chemie.

MHADHIRI: Naujua mjadala huo, na nawaheshimu wote wawili. Dudley hakusema mawimbi yana uchawi. Alisema joto linaweza kugawanywa kwa upendeleo. Hiyo ni hoja inayopimika, na mtu akileta hoja inayopimika anastahili kujibiwa kwa vipimo. Tatizo langu ni muda. Molekuli ndani ya kimiminika inagongana na jirani zake bila kupumzika, na nishati ya ziada inasambaa ndani ya muda mfupi mno, sehemu ndogo za bilioni za sekunde. Itabakije ya moto peke yake kwa muda wa kutosha kumenyuka? Punje ya kichocheo kigumu, sawa, hiyo ni kubwa. Molekuli moja, sioni.

MTAFITI: Na Kappe alithibitisha vipi kwamba ni joto tu? Huwezi kuzima mawimbi ukabaki na joto lilelile kwa kasi ileile.

MHADHIRI: Hapo ndipo uzuri ulipo. Alifanya hivyohivyo.

Jaribio hilo linastahili nafasi, kwa sababu sijaona jingine katika ugomvi huu lililokata mzizi namna ile. Kundi la Graz lilichukua chupa mbili za umbo na ukubwa uleule. Moja ilikuwa ya kioo cha kawaida cha maabara, ambacho mawimbi hukipita karibu kama hakipo. Nyingine ilikuwa ya silikoni kabaidi, kitu cheusi, kigumu, kinachonyonya mawimbi kwa nguvu na kupitisha joto upesi sana. Ukiiweka chupa hiyo nyeusi ndani ya kifaa, mawimbi yanaishia kwenye ukuta wake. Kilichomo ndani hakipati uga wa umeme wa kuzungumzia; kinapata joto peke yake, kutoka ukutani, na kwa kasi inayolingana na ile ya chupa ya kioo. Kifaa ni kimoja, na kipimajoto, ukorogaji, mgandamizo na dakika ni zilezile. Tofauti iliyobaki ni moja: kemikali zinaoga mawimbi au haziogi.

Walichapisha mwaka 2009, baada ya kupitisha zaidi ya mimenyuko kumi ya aina mbalimbali kwenye chupa zote mbili. Kiasi cha zao na usafi wake vilikaribiana mno. Kama mawimbi yangekuwa na mkono wao wa pekee katika mimenyuko hiyo, chupa nyeusi ingeshindwa. Haikushindwa.

MTAFITI: Nakubali jaribio ni zuri. Lakini watu waliotangulia hawakuwa wajinga. Wengi walilinganisha bafu la mafuta na maikrowevu kwenye jotoridi moja, wakaona tofauti kubwa. Nyuzi 100 huku, nyuzi 100 kule, asilimia ya zao tofauti kabisa. Walidanganya?

MHADHIRI: Hapana, na nisingependa mtu aondoke hapa akifikiri hivyo. Walisoma kipimajoto kilichokuwa mahali pasipofaa. Mama, mweleze hicho unachotueleza kila mwaka.

FUNDI: Vifaa vingi vinapima joto kwa miali ya infraredi kutoka nje. Jicho la kifaa linaangalia ngozi ya chupa, halioni kilichomo ndani. Kwenye bafu la mafuta ngozi ya chupa ni ya moto kuliko ndani. Kwenye maikrowevu ni kinyume, ndani kuna joto zaidi kuliko nje. Kwa hiyo namba ileile kwenye skrini haina maana ileile. Ongeza na kioo kinene, ongeza na mmenyuko unaotoa joto lake wenyewe, jicho linachelewa. Kisha kuna watu waliokuwa wakipuliza hewa baridi kuzunguka chupa wakati mawimbi yakiendelea, ili kifaa kisipunguze nguvu. Fikiria hapo: ngozi ya chupa inapozwa, jicho linasoma nyuzi 60, ndani kunaweza kuwa zaidi ya hapo kwa makumi ya nyuzi. Mtu anaandika "mmenyuko umekamilika kwa nyuzi 60". Haukuwahi kuwa kwenye nyuzi 60.

MTAFITI: Na dawa yake ni kipimajoto cha nyuzinyuzi za kioo kinachozamishwa ndani.

FUNDI: Hicho, na kukoroga. Watu wanadhani mawimbi yanapasha sawasawa. Hayapashi sawasawa. Urefu wa wimbi lile ni sentimita 12 na kidogo, kwa hiyo ndani ya sanduku kubwa kuna sehemu zenye nguvu nyingi na sehemu zisizo na kitu, zimepishana kwa sentimita chache. Chupa isiyokorogwa, hasa yenye vitu vigumu au mchanganyiko mzito, ina sehemu zinazoungua na sehemu zilizopoa. Unazamisha kipimajoto kwenye sehemu gani? Koroga kwanza, ndipo uniambie nyuzi.

Kundi hilohilo la Graz lilionyesha mwaka 2008 kwamba tofauti kadhaa zilizokuwa zikiitwa athari za pekee za mawimbi zilitoweka pale walipopima joto la ndani na kukoroga vizuri. Kwa maoni yangu makala hiyo ingepaswa kusomwa na kila anayeanza kazi ya namna hii kabla hajagusa kitufe, kwa sababu makosa iliyoyafichua ni ya kawaida mno. Hakuna aliyetaka kudanganya. Kila mmoja aliamini skrini iliyokuwa mbele yake.

MHADHIRI: Na si joto pekee linaloweza kukupotosha. Mwaka 2003 kundi la mwanakemia Nicholas Leadbeater lilitangaza kwamba limefanya mmenyuko wa Suzuki ndani ya maji, kwa maikrowevu, bila chuma chochote cha kuchochea. Mmenyuko huo unaunganisha vipande viwili vya kaboni, na kila mtu anajua unataka paladiamu. Ndio uliompa Akira Suzuki sehemu ya Tuzo ya Nobeli mwaka 2010. Bila paladiamu? Watu walishika vichwa. Mwaka 2005 kundi lilelile likarudi na jibu: sodiamu kaboneti waliyonunua dukani ilikuwa na paladiamu, kiasi cha sehemu 50 kwa kila bilioni. Kiasi hicho kidogo kilitosha.

MTAFITI: Walijisahihisha wenyewe, hadharani.

MHADHIRI: Ndiyo, na ndiyo sababu naitaja. Hiyo ndiyo kemia ninayotaka ujifunze. Walipoambiwa na data kwamba kuna kitu, walikwenda kukitafuta kwenye kopo la sodiamu kaboneti.

MTAFITI: Sawa, Mwalimu. Nimekuachia mawimbi. Lakini usinipokonye na kifaa. Joto ni joto, lakini namna ya kulifikisha si jambo dogo. Kwenye maikrowevu mchanganyiko wangu unafika nyuzi 150 ndani ya dakika moja au mbili, na ukimaliza unapozwa kwa hewa upesi. Kwenye bafu la mafuta unatambaa kupita kila jotoridi la kati. Kama kichocheo changu kinaharibika polepole kwenye nyuzi 100, njiani nimeshakipoteza. Kama mmenyuko una njia panda, kuchelewa kunaweza kunipa zao nisilolitaka. Ukuta wa chupa kwenye mafuta nao unaunguza kinachougusa. Na kiyeyushi: nikiwa na ethanoli iliyofungwa, silazimiki kutumia kiyeyushi kizito chenye sumu kwa sababu tu kinachemka juu. Naweza hata kutumia maji. Maji yakifika nyuzi 250 chini ya mgandamizo tabia yake inabadilika, yanaanza kuyeyusha vitu ambavyo kwenye bomba yasingevigusa.

MHADHIRI: Hayo yote nakubali. Ni faida za joto linalodhibitiwa, na wala si ndogo.

MTAFITI: Basi tununue.

FUNDI: Kabla hamjafika kwenye kununua, kuna wanafunzi wawili waliniomba niwaruhusu kutumia maikrowevu ya kwenye chumba cha chai. Wamesoma makala za zamani. Nimewakatalia, na nitaendelea kuwakatalia. Ile haina kipimajoto, haikorogi, na ukiiweka nusu ya nguvu haitoi nusu ya nguvu. Inawaka yote, inazima, inawaka yote. Mvuke wa ethanoli au asetoni ukivuja ndani ya sanduku lenye swichi za umeme, unangoja cheche. Ukifunga chupa, hujui mgandamizo umefika wapi mpaka ujue kwa masikio. Miaka ile ya mwanzo vyombo vililipuka, na waliokuwa wakifanya kazi hiyo walikuwa watu wenye uzoefu. Na chombo kilichopita kemikali hakirudi kupasha wali wa mtu, milele.

MHADHIRI: Mama kamaliza. Hapo hakuna mjadala.

FUNDI: Bado. Ethanoli ya nyuzi 160 ndani ya chupa ina mgandamizo unaozidi mara kumi ule wa hewa ya nje. Chupa isijazwe zaidi ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji. Isifunguliwe mpaka ipoe. Kioo chenye mkwaruzo kinakwenda kwenye pipa. Na mtu akitumia paladiamu juu ya mkaa ndani ya kiyeyushi kisichonyonya mawimbi, aje aniambie kwanza, maana punje za chuma zinaweza kupiga cheche humo ndani.

MTAFITI: Unaona, Mwalimu? Punje za chuma. Hapo mawimbi yanafanya kitu ambacho mafuta hayawezi.

MHADHIRI: Hapo ndiyo. Kichocheo kigumu kinaweza kunyonya mawimbi na kuwa cha moto kuliko kiyeyushi kinachokizunguka, na cheche zimeonekana kwa macho. Wengi wetu tunalikubali hilo, ingawa bado ni joto, limekaa mahali pengine tu. Ukitaka kutafuta jambo jipya, tafuta kwenye mpaka kati ya kigumu na kimiminika. Kwenye myeyuko safi uliokorogwa vizuri, umechelewa.

MTAFITI: Na bei?

MHADHIRI: Makumi ya maelfu ya dola. Na chupa zake nyingi zinabeba mililita chache, kwa sababu mawimbi hayapenyi mbali. Kwenye kiyeyushi kinachonyonya vizuri yanaishia sentimita chache kutoka ukutani. Ukitaka kilo ya zao, ukubwa wa chupa unakukatalia. Kappe huyohuyo alielekea kwenye mabomba membamba ya chuma yanayopashwa moto kwa njia ya kawaida huku kemikali zikipita ndani mfululizo. Unatafuta masharti yako kwenye maikrowevu, kisha unayahamishia kwenye bomba. Linawezekana kwa sababu kilichokuwa kikifanya kazi ni jotoridi na mgandamizo. Na usiniambie habari za kuokoa umeme. Magnetroni inapoteza karibu theluthi ya umeme inaoupokea, na vifaa vidogo vya chupa moja vimeonekana kuwa walafi vinapopimwa kwa gramu ya zao. Akiba inatoka kwenye muda mfupi, si kwenye mawimbi.

Sasa niseme la kwangu, maana nimewasikiliza vya kutosha. Kwenye maelezo nasimama na Mhadhiri. Kwenye kifaa nasimama na Mtafiti: saa zake zina thamani, na mwanakemia anayepata majibu sita kwa siku anafikiri tofauti na anayepata moja, kwa kuwa anathubutu kuuliza maswali ambayo huyo mwingine anayaona ghali. Lakini kinachonigusa zaidi ni jambo ambalo wote watatu wamelikaribia bila kulitamka.

Makala inayosema "wati 600, dakika 3" inamfaa mwenye mashine kama ile peke yake, na hata yeye asitegemee sana, kwani mashine mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana. Makala inayosema "nyuzi 160, dakika 2, chupa imefungwa, mililita 3, imekorogwa, joto limepimwa ndani" inamfaa kila mtu. Inamfaa mwanafunzi wa chuo kisicho na kifaa hicho na ambacho hakitakipata kesho. Anachohitaji ni mrija wa kioo kinene unaostahimili mgandamizo, kifuniko chake, bafu la mafuta, sumaku ya kukoroga na ngao ya plastiki ngumu mbele yake. Atachukua muda zaidi kidogo kupanda hadi nyuzi 160, lakini kwa mimenyuko mingi atafika kwenye zao lilelile. Chupa nyeusi ya Graz ilimpa haki ya kutegemea hivyo.

Ndiyo maana nakereka na neno "uchawi" linapoingia kwenye kemia, hata kwa mzaha wa mkutanoni. Kusema mawimbi yana nguvu zisizoelezeka ni kuwaambia wasio na mashine kwamba matokeo haya si yao. Kupima jotoridi kwa uaminifu na kuliandika ni kuwakabidhi. Wahariri wa majarida wanaokataa miswada yenye wati bila nyuzi wanafanya kazi ya haki, na ningependa wasimamizi wa tasnifu katika vyuo vyetu wawe wakali vilevile.

MHADHIRI: Sawa. Nitasaini ombi, kwa sharti moja. Kila mmenyuko utakaotaka kuuita wa maikrowevu, urudie walau mara moja ndani ya mrija uliofungwa kwenye bafu la mafuta, jotoridi lilelile, muda uleule. Ziandike namba zote mbili kwenye jedwali moja.

MTAFITI: Sihitaji kusubiri kifaa kuanza hilo. Mirija iko stoo.

FUNDI: Iko mitano. Mmoja una ufa, nimeutenga.

MTAFITI: Basi wiki ijayo naanza na ile hatua ya saa 8, kwenye mafuta ya nyuzi 160. Kama hesabu yako ni ya kweli, Mwalimu, nitakuwa nimeokoa siku zangu kabla hata barua ya maombi haijajibiwa.

MHADHIRI: Huenda ukaona huhitaji kifaa kabisa.

MTAFITI: Nitakihitaji. Mrija mmoja kwa mkono, kupanda, kushuka, kuosha, ni kazi moja kwa saa. Kifaa kitachukua chupa 20 usiku wakati nimelala, kila moja na joto lake limeandikwa.

MHADHIRI: Na siku namba mbili zikikataa kulingana?

MTAFITI: Nitaangalia kwanza kipimajoto kiko wapi. Kisha kama sumaku ilikuwa inazunguka kweli. Kisha nitapima uchafu wa kila kemikali niliyoitia. Zikiendelea kukataa baada ya hapo, nitakuletea, na safari hiyo utanisikiliza.

MHADHIRI: Safari hiyo tutawaandikia watu wa Graz pamoja.